Ridhaa ya Mkaaji

9 Februari

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ni ya Bibi, umpelekee kitandani pamoja na chai yake. Mgongo wake unaendeleaje? Mwambie mjukuu wake ni mzima kupita uzima wenyewe na mashavu yameanza kujaa.

Shangazi, nimeolewa! Najua unajua, ulikuwepo, ulilia mpaka wanja ukafika kidevuni. Lakini kila asubuhi lazima nijiambie upya. Wiki tatu tu! Januari nilikuwa nyuma ya kaunta nauza nyuzi na vifungo, akaja kununua nyuzi, kesho yake akaja tena, kesho kutwa akaja tena, na siku ya nne hakununua kitu, akaniomba mkono. Wenzangu dukani walisema, "Huyu ana haraka gani, anakimbizwa?" Nikawaambia ndiyo, anakimbizwa na mapenzi.

Sasa nikueleze nyumba yetu. Chini ni karakana ya Fundi. (Ndivyo kila mtu anavyomwita, na mimi pia, ila mimi namwita kwa sauti nyingine.) Pale wanashona majaketi ya kuokolea, yale ya kuvaa melini usizame. Cherehani sita zinanguruma siku nzima chini ya miguu yangu, mpaka glasi za maji zinacheza mezani. Unapanda ngazi kumi na nne, unafika kwetu. Chumba kimoja, kikubwa kama darasa. Kitanda kiko katikati, na pande tatu, kutoka sakafuni hadi darini, kumepangwa majaketi mapya ya rangi ya machungwa. Taa ikiwaka ukuta wote unang'aa. Tunalala kama mbegu ndani ya chungwa!

Utashangaa, maana ana nyumba yake nzuri kule mjini, vyumba vitatu, bomba ndani. Ameifunga. Akaniambia, "Siwezi kufanya kazi huku chini wakati wewe uko mbali." Kitanda alikipandisha mwenyewe mgongoni. Mlangoni ameandika kwa mkono wake, kwa rangi nyeusi, MAKAZI BINAFSI, akapigilia misumari minne. Tena wiki ya kwanza alileta mpiga picha. Akanipiga nikitundika pazia, nikitandika kitanda, nikikaanga vitunguu. Niambie, Shangazi, mwanamume gani humpiga picha mkewe akikaanga vitunguu, kama si anayependa mpaka basi?

Naishia hapa kwa kuwa nasikia hatua zake ngazini, na moyo wangu umeanza ujinga wake.

Chiriku wako, sasa mke wa mtu

27 Februari

Chiriku,

Marahaba. Bibi amepokea salamu. Anasema mashavu ya mke mpya hujaa mwaka wa kwanza, baada ya hapo hujaa ya mume. Mgongo wake bado, ila mdomo ni mzima.

Kazini ni yale yale: mafaili, mihuri, na hakimu anayetafuta miwani iliyo puani pake. Wamenihamisha. Sasa niko chumba cha maombi ya hati, na vumbi la huku ni jamaa wa vumbi la kule. Bandari zote za mkoa, pamoja na ya kwenu, huleta maombi yake hapa.

Nimefurahi kwamba umefurahi. Lakini mimi ni mtu wa kuuliza. Mwanamume mwenye nyumba yenye bomba halali ghalani kwa mapenzi peke yake. Ile nyumba ina ubaya gani? Na hizo picha ziko wapi? Ningependa kukuona na vitunguu vyako.

Usinijibu kwa simu. Simu inafaa kwa misiba na bei ya nyanya. Mengine yanataka kalamu.

Shangazi yako

15 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Jirani ametuletea paka ili ale panya wa karakana, na paka mwenyewe anawaogopa. Fundi ana mafua kidogo, namchemshia tangawizi. Bibi nimemsikia, na nimecheka peke yangu mpaka washonaji wakanyamaza kusikiliza.

Wewe nawe! Umekaa na mafaili hadi kila mtu unamwona mshtakiwa. Picha ziko kwa wakili wake, anamtunzia kwenye kabati la chuma zisipigwe na unyevu. Unaona anavyozithamini?

Ngoja nikupe kisa ucheke. Juzi walikuja wakaguzi wa usalama wa vyombo vya majini, wawili, mwanamume mrefu na mwanamke mwenye miwani na begi. Karakana waliingia kama kwao. Hawakuomba, hawakusubiri, wanasema sheria inawaruhusu kuingia mahali pa kazi wakati wowote wa kazi. Wakavuta nyuzi, wakapima mikanda, wakapasua jaketi moja na kuangalia matumbo yake. Kila kitu safi. Kisha yule mwanamke akaweka mguu kwenye ngazi yetu.

Shangazi, Fundi alipanda ngazi kumi na nne kwa hatua tano! Akaingia mbio, akasema, "Lala, mpenzi! Jifunike shuka!"

"Nimeshamenya viazi nusu."

"Lala na viazi!"

Nikalala, bakuli tumboni, kisu mkononi, shuka hadi kidevuni. Yeye akasimama mlangoni kama mlinzi wa benki. Nikasikia anasema, "Mheshimiwa, hapa ni makazi ya watu. Mke wangu amelala. Mna hati ya hakimu?"

Mama yule akasema, "Amelala saa nne asubuhi?"

"Ni bibi harusi," akajibu.

Nilikaribia kufa kwa kicheko chini ya shuka. Wakateremka. Fundi akarudi, akanibusu paji la uso. Akasema mimi ni ngome yake. Hakuna mtu amewahi kuniita ngome! Shuleni walikuwa wakiniita kasuku.

Habari nyingine kubwa: kivuko kipya kitazinduliwa tarehe mosi Juni, kile cha kuvusha watu ghuba. Kitabeba mia tatu na zaidi kila safari, wachuuzi, wanafunzi, wagonjwa wa hospitali ya ng'ambo. Na majaketi yake mia nne ni haya ninayolala nayo! Yatachukuliwa tarehe thelathini Mei. Nikiwaona watu wameyavaa nitasema, hayo yalisikia siri zangu zote.

Chiriku wako mwenye bahati

3 Aprili

Chiriku,

Bibi hajambo, amekula, amenung'unika, amelala. Mimi pia sijambo.

Jibu maswali haya bila mzaha, na ujibu upesi. Mnalala hapo kila siku au siku nyingine mnarudi kwenye ile nyumba ya mjini? Mnapikia hapo? Kabla hujaolewa, chumba hicho kilikuwa na kitanda? Ufunguo unao wewe? Umewahi kufungua jaketi mojawapo la humo chumbani?

Najua utasema shangazi anachungulia chumba cha wenye ndoa. Sema utakavyo. Usiniulize kwa nini nauliza. Kuna mambo niliyoapa, mkono juu ya kitabu, nisiyatoe nje ya chumba ninachofanyia kazi, na sijawahi kuyatoa kwa miaka ishirini na sita.

Hiki ninachonakili hapa chini si siri. Ni sheria ya nchi, inauzwa kwenye dirisha letu la mapokezi kwa yeyote anayetaka:

"Mkaguzi, akiisha kuonyesha kitambulisho chake, anaweza kuingia wakati wowote unaofaa, bila hati, mahali popote pa kazi au ghala penye vifaa vya usalama wa vyombo vya majini. Lakini hataingia mahali panapotumika kwa makazi isipokuwa kwa hati ya hakimu, au kwa ridhaa ya mkaaji yeyote aliye mtu mzima."

Kisome ukiwa umekaa.

Shangazi yako

22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mbona kimya? Tangu Februari sijaona mwandiko wako. Umenikasirikia kwa ule mzaha wa mafaili? Nilikuwa nacheza tu. Kila siku namwuliza Fundi kama posta kuna kitu, kwa kuwa sanduku ni la karakana na ufunguo anao yeye. Anasema hakuna.

Nasikia kwa binamu kwamba Bibi alianguka msalani. Kwa nini hukuniambia? Nilifunga begi nije hata siku tatu. Fundi akakataa. Hakufoka, alinishika mikono vizuri tu, akasema, "Nenda baada ya Mei. Nyumba isiyo na mtu si nyumba." Nikasema wewe upo. Akasema, "Mimi huwa chini. Juu lazima awepo mtu, chungu kiwe jikoni, nguo ziwe kwenye kamba." Nikaona ni maneno ya mwanamume anayependa kurudi nyumbani akakuta moshi. Nikafungua begi.

Mambo ni mazuri. Nimeshona pazia jipya. Ila mama mmoja wa cherehani, tunamwita Mama Sindano, mzee wa maneno machache, juzi aliniangalia nikianika nguo akasema, "Tangu uje wewe, mwanangu, wale wakaguzi wamesahau ngazi." Wenzake wakainamisha vichwa. Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Niandikie, hata mistari miwili. Hata unitukane.

Chiriku

14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mpe Bibi pole yangu, mwambie nitakuja. Leo sina habari za paka.

Barua yako ya tarehe tatu Aprili nimeipata jana. Hakuileta mtu wa posta. Nilikuwa nafua aproni ya kazi ya Fundi, nikapekua mfukoni nitoe pini, nikatoa bahasha. Mwandiko wako. Imefunguliwa, imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Shangazi, ameisoma mara nyingi! Ameitembeza mfukoni zaidi ya mwezi, na kila jioni ananiambia, "Hakuna kitu, mpenzi, labda Shangazi ana kazi."

Niliisoma nimekaa kwenye ngazi, kama ulivyoniagiza. Niliposoma kile kifungu mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya pili nikaona kitanda. Mara ya tatu nikaona pazia, na jiko, na vitunguu, na mpiga picha. Nikajiona mimi, Shangazi! Nimelala na bakuli la viazi, nacheka.

Bado nilimtetea. Nikajiambia labda anaogopa bure, labda majaketi ni mazima. Fundi alikuwa ametoka. Nikachomoa moja kwenye rundo la nyuma ya kitanda, nikalitumbukiza kwenye pipa la kufulia. Saa tatu asubuhi. Likaelea. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikajiona mke mbaya. Saa tano likawa limezama nusu. Saa saba nikaenda kuangalia, nikaona maji matupu. Nikadhani mtu amelichukua. Nikaingiza mkono hadi kwapani, nikaligusa chini kabisa, zito kama mtoto aliyelala.

Nikalipasua kwa kisu cha jikoni. Ndani ni sponji ya magodoro, vipande vipande, kingine bado kina kitambaa chenye maua ya godoro la mtu. Kila kipande kimekunywa maji kama mkate kwenye chai. Nje rangi ya machungwa, muhuri, filimbi ya kupuliza, kila kitu kipya.

Mama Sindano alinikuta nimekaa sakafuni. Alifunga mlango wa ua. Nikamwambia, "Ulijua."

Akasema, "Mimi hushona ninachopewa. Ya chini ni mazima. Hayo ya juu yalijazwa mwaka jana, sisi tukiwa likizo."

"Na wakaguzi?"

"Walikuja Desemba, wakakuta ghala la juu limefungwa kwa kufuli na yeye hayupo. Wakasema watarudi. Alipopata habari akaenda kwa wakili, na alipotoka kwa wakili akaja moja kwa moja kwenye cherehani yangu. Akaniuliza, 'Mama, unamjua msichana mwema wa kuoa, asiye na mambo mengi?' Nikawaza dukani ninakonunua vifungo." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, sijui kama ni machozi au jasho. "Mwanangu, nilidhani nakufanyia hisani."

Kwa wakili, Shangazi! Alitoka kwa wakili akaja kunitafuta! Mimi nilikuwa nikihesabu siku alizokuja kununua nyuzi kama mtu anayehesabu nyota.

Jana jioni alirudi, akala, akasifu mchuzi, akalala fofofo. Mimi nilimtazama tu. Ana kovu dogo nyuma ya sikio, nalipenda. Bado nalipenda. Hilo ndilo linalonishtua kuliko sponji.

Barua hii naipeleka posta mwenyewe, simpi Fundi kama zile nyingine. Ukinijibu, tuma kwa anwani ya duka la vifungo.

Niambie nifanye nini.

Chiriku

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Bibi anatembea kwa fimbo na kuwapiga nayo kuku.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikatafuta kiti. Tangu ile ya Machi sikupata barua yako nyingine, nikadhani yangu umeipata ukaidharau. Nilikukasirikia wiki sita nzima huku ukilala juu ya hayo madude. Nisamehe.

Umeniuliza ufanye nini. Sitakwambia, na si kwa ugumu wa moyo. Ridhaa iliyofundishwa na mtu si ridhaa, na wakili yeyote mwenye meno ataing'ata. Ukifungua mlango, uwe umeufungua wewe. Ukiufunga, uwe umeufunga wewe.

Na usiniulize kama kuna hati iliyowahi kuombwa. Usiniulize kama hakimu fulani alionyeshwa picha ya mwanamke akikaanga vitunguu, akasema, "Hapa pana familia, rudini na sababu nzito zaidi." Mimi sijasema chochote. Kiapo changu hakijavunjika, kimekwaruzika tu, na mkwaruzo wenyewe unaniuma usiku na mchana.

Nitasema la shangazi. Kitanda chako cha zamani nimekitandika. Hakitaki chochote kwako, hata ukija na begi tupu. Na wewe si mjinga. Mtu akipendwa kwa uongo, mwongo ndiye wa kuona haya.

Tarehe thelathini iko karibu.

Shangazi yako

11 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya Bibi. Kuku wamepona? Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, kulizuka jambo jingine la kunitoa macho. Leo naandika kila kitu kwa mpigo.

Barua yako niliipata tarehe ishirini na tano, dukani, kati ya maboksi ya zipu. Siku iliyofuata, Fundi alipokwenda kununua kitambaa, nilitia lile jaketi lililozama kwenye ndoo, nikafunika kifuniko, nikatembea nayo hadi ofisi ya wakaguzi bandarini. Njiani mwanamke mmoja akaniuliza bei ya samaki.

Yule mama wa miwani ndiye aliyekuwa mezani. Nikalitoa. Maji yakatiririka kwenye daftari lake, hakulisogeza. Akalibonyeza kwa vidole viwili, akaniangalia. "Wewe ni yule bibi harusi?"

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa umelala kweli siku ile?"

"Nilikuwa namenya viazi."

Hakucheka, wala hakuniuliza nimejisikiaje. Alitoa sheria, akanieleza polepole kwamba ninayo haki ya kuwakatalia, kwamba hakuna atakayenilazimisha, na kwamba hata nikikubali pale mezani, lazima nikubali tena mlangoni kwangu, nikiona vitambulisho, kisha nitie sahihi. "Nenda ukalale na wazo hilo," akasema. "Kesho saa nne tutakuwa chini ya ngazi. Usipotoka, tutaondoka."

Nilirudi nikapika. Fundi akaniuliza mbona kimya. Nikasema kichwa. Akanikanda kichwa, Shangazi. Alinikanda kichwa kwa mikono ile ile.

Saa nne walifika. Nilisikia cherehani zikizimika moja baada ya nyingine. Fundi alikuwa amesimama kwenye ngazi ya chini, mikono ameitandaza ukuta hadi ukuta. "Hati iko wapi? Hakimu aliwakatalia! Hapa ni nyumba ya mtu na mkewe!"

Nilifungua mlango. Nikasikia, "Hodi wenye nyumba," sauti ya yule mama. Nikasema, "Karibuni. Mimi ni mkaaji wa hapa, na mimi ni mtu mzima. Karibuni juu."

Fundi aligeuka. Ungemwona uso! Hakuwa na hasira, alikuwa amepigwa na butwaa, kama mtu aliyesemeshwa na kabati. Alihesabu kitanda, akahesabu pazia, akahesabu jiko, na mimi akanihesabu pamoja nao. Hakuhesabu kwamba nina mdomo. Mimi, ambaye ukoo mzima mnaniita Chiriku!

Wakapanda. Wakaonyesha vitambulisho, nikapewa fomu, nikatia sahihi. Waliyabeba yote, mia tatu tisini na tisa, ngazi kumi na nne, saa tatu nzima. Walipasua moja mbele ya washonaji, ile sponji yenye maua ikaanguka sakafuni. Mama Sindano akainama, akaiokota, akaitia mfukoni kama mtu aokotaye kitu cha marehemu. Kivuko kimesogezwa mbele wiki tatu hadi wapate majaketi mengine. Fundi walimchukua, wakamwachia kwa dhamana baada ya siku mbili.

Sasa hili ndilo nililochelewa kuliandika. Alirudi mchana, amekonda ghafla. Nilidhani atanipiga. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na begi langu. Akakaa kitandani, katika chumba kile kitupu ambacho sasa hata kikohozi kinarudi kwa mwangwi, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa na sababu mbili za kukuoa. Moja wameipakia kwenye gari. Iliyobaki ni wewe mwenyewe."

Shangazi, nililia. Nilikaa karibu naye. Nitakwambia ukweli: kwa muda wa kama dakika tano nilikuwa nimemsamehe kila kitu, hata barua, hata wakili. Niliweka kichwa begani kwake.

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa karatasi. Imepigwa chapa, jina langu lipo, nafasi ya sahihi ipo. Inasema kwamba siku ile nilitishwa, kwamba sikuelewa ile fomu, kwamba nilidhani natia sahihi ya kupokea wageni. Wakili wake amesema ridhaa ikianguka, ushahidi wote unaanguka nayo, na kesi inakwisha, na majaketi yanarudishwa.

Nikamwuliza, "Niseme sikuelewa?"

"Nani atakushangaa?" akasema, ananipapasa nywele. "Binti wa dukani, mke wa miezi minne. Hakimu atakuonea huruma."

"Na watu wa kivuko?"

Akaniangalia kama aliyeulizwa kuhusu nchi ya mbali. "Kivuko gani?" akasema.

Si kwamba alikuwa anajificha, Shangazi. Alikuwa amekisahau kweli. Wachuuzi, wanafunzi, wagonjwa, watu mia tatu, walikuwa wamemtoka kichwani kama jina la mtu uliyekutana naye sokoni. Nikaondoa kichwa changu begani kwake. Nikamrudishia karatasi yake na nafasi yake ya sahihi, nikachukua begi. Sasa naandika nikiwa nyumbani kwa Mama Sindano.

Kesi ni tarehe ishirini na tano, huko kwenu. Nitakuwa mbele ya hakimu mwingine, nimeuliza, hutahusika. Ukiniona koridoni usinisogelee, wasije wakasema ulinifundisha. Tutakumbatiana nyumbani, kwa Bibi. Wakinisimamisha wakaniuliza kama nilielewa nilichotia sahihi, nitawaambia kwamba fomu ile niliisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kwa sauti, mume wangu akinisikiliza kutoka ngazini.

Chiriku